Nyumba ya mbele na nyumba ya nyuma

Nyumba yetu ina barza mbili. Ya mbele inatazama avenyu: ngazi nne, nguzo sita za matofali, sakafu ya vigae vyekundu, na kivuli cha mjakaranda ambao kila Septemba unamwaga maua ya zambarau mpaka tunafagia mara mbili kwa siku. Ya nyuma ni ya boyeri. Upana wake hatua moja na nusu, sakafu yake saruji iliyopasuka, nguzo zake mabomba ya chuma. Nkambo wangu, yaani babu, alipika na kulala huko nyuma miaka kumi na minne. Ikapita mingine kumi na tisa kabla hajaketi kwenye ile ya mbele.

Barza ndivyo tunavyosema hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo. Wabelgiji walilichukua neno baraza, wakalikata silabi na kulitia katika Kifaransa chao cha kikoloni, nasi tukalipokea tena likiwa limekatwa hivyohivyo. Boyeri ni neno lao: vile vyumba vya boyi, mtumishi wa nyumbani, mwisho kabisa wa lupango, yaani kiwanja cha nyumba, vilivyoegemea ukuta wa kichochoro. Nimekaa katika lupango hili tangu utotoni, na ilinichukua muda mrefu sana kuelewa kwamba nyumba yetu ni hizo mbili pamoja.

Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville. Emile Wangermée, mtawala Mbelgiji, aliupangia avenyu zilizonyooka na kukatana kama mistari ya daftari la hesabu, kwa mfano wa mji wa Bulawayo, na Septemba ya mwaka huohuo reli ikafika kutoka kusini. Kwa reli hiyo yalikuja malata ya kuezekea, vioo, bawaba na misumari, na wakaja watu wa kuvitumia: mafundi Waitaliano, wafanyabiashara Wagiriki, Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes ambao sinagogi yao, kazi ya Raymond Cloquet, imesimama hadi leo. Matofali hayakuhitaji reli. Yeyote aliyepita katika miombo ya Katanga ameviona vichuguu vyetu, vingine virefu kuliko nyumba, vimeota juu miti. Udongo wake ni mfinyanzi safi, umeshasagwa na kukandwa na mchwa kwa karne nyingi. Watu walivichimba, wakafyatua matofali, wakayapanga tanuru na kuyachoma kwa kuni palepale. Hata leo ukienda kandokando ya mji utakuta vijana wanafanya kazi hiyo. Kuta za avenyu zetu za zamani, kabla ya kupita mikononi mwa fundi, zilipita mdomoni mwa mchwa.

Mji huo ulikuwa wa wazungu. Weusi walipewa upande wao, na kati ya pande hizo mbili uliachwa uwanda mtupu wa mita mia kadhaa. Mtaa wa Kamalondo ndio mtoto mkubwa wa mpango ule. Saa tatu za usiku zikipita, mtu mweusi hakuruhusiwa kuonekana kwenye avenyu za wazungu bila karatasi. Lakini chai ya alfajiri lazima ipikwe, na mtoto wa bwana akilia usiku lazima maji yachemshwe. Kwa hiyo ndani ya kila lupango la mzungu, kule mwisho, kilibaki kipande kidogo cha mji wa weusi. Nkambo wangu aliishi katika kipande hicho.

Alikuja kutoka Kasenga mwaka 1946, juu ya lori la samaki, akiwa kijana wa miaka kumi na saba hivi. Alianza kama msaidizi wa jikoni, akawa mpishi. Nkambo mwanamke, bibi yangu, aliishi na watoto Kenya, komini moja ya mji huuhuu, na Nkambo alikwenda kuwaona Jumapili. Julai 1960, askari walipoasi mjini, ile familia ya wazungu iliondoka usiku kwa gari kuelekea Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, kama walivyofanya wengi wiki ile. Walimwachia funguo. Aliishi peke yake na nyumba tupu kwa miezi, na hakuhamia mbele. Aliendelea kulala boyeri. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama nimeuliza kwa nini mtu halali kanisani.

Desemba 1961, askari wa Umoja wa Mataifa walipopigana mjini na askari wa Katanga, jimbo letu lililokuwa limejitenga na Kongo, risasi moja iliingia katika nguzo ya pili ya barza ya mbele. Tundu lipo. Baadaye nyumba ikawa ya shirika, wakaishi humo wafanyakazi wakubwa wa shirika hilo, mmoja baada ya mwingine. Baba alipoajiriwa na kupanda cheo, mwaka 1979 aliruhusiwa kuomba nyumba, akaiomba hiyohiyo. Ofisini walidhani ameipenda kwa sababu ya mjakaranda. Siku tuliyohamia, baba alimwekea baba yake kiti cha kamba kwenye barza ya mbele. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, sikumbuki kitu, ila nimesimuliwa mara nyingi: mzee alikaa kitini bila kuegemea, mikono magotini, kwa dakika chache, kisha akainuka akaenda nyuma kuangalia kama jiko bado lina mlango.

Baba aliinunua nyumba shirika lilipoanza kuwauzia wafanyakazi wake, akapata setifika, yaani hati yake. Akafariki mwaka 2009. Tulibaki watoto watano, na mimi ndiye mkubwa, ndiye niliyekuwa nikiishi humo, na ndiye niliyekuwa na mshahara, mdogo lakini wa kila mwezi, wa mwalimu wa sekondari. Mwaka 2011 nikaamua kuitengeneza.

Hapo ndipo nilipoiharibu.

Lipu ya zamani ilikuwa imebanduka sehemu nyingi, ukuta umechoka, rangi imechuruzika. Nikatafuta fundi. Alikuwa kijana hodari, mwenye haraka, akaniambia lipu hiyo ni vumbi tupu, tuikwangue yote tupige saruji, nyumba itakuwa mpya. Nilikubali kwa furaha. Kwa wiki tatu walikwangua. Ile lipu ilikuwa ya chokaa, imekaa pale karibu miaka tisini, nayo ilitoka kwa shida. Sehemu nyingine ilibidi ipigwe nyundo, na mimi sikujiuliza kwa nini kitu kinachoitwa vumbi kinashikilia ukuta kwa nguvu hivyo. Tukapiga saruji nje na ndani. Juu ya saruji tukapaka rangi ya mafuta, ile inayong'aa, inayofutika kwa kitambaa. Ndani tukapigilia dari la plastiki, likayaziba yale matundu madogo ya juu ya kuta ambayo tangu utotoni nilidhani ni ya ndege. Majirani walikuja kupongeza. Nyumba iling'aa kama sahani.

Mvua za kwanza zikapita. Za pili zikaja, na kufikia Februari 2013 ukuta wa sebuleni ulikuwa na mstari mweusi wa unyevu unaofika kiunoni. Rangi ikavimba malengelenge. Nikitoboa lengelenge, maji yanatoka. Ukigonga lipu kwa kidole inalia tupu. Nikamwita yule fundi, akapiga saruji nyingine juu ya ile ya kwanza, unyevu ukapanda kupita kiuno. Na joto! Nyumba ambayo Oktoba yote ilikuwa na ubaridi kama wa mtungi, sasa mchana tulikimbilia nje.

Mtu aliyeniokoa ni mzee mmoja wa mtaa wa Katuba, mwashi aliyejifunza kazi kwa baba yake, naye baba yake alijifunza kwa Waitaliano. Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenielekeza kwake. Alikuja kwa baiskeli, hakutoa hata tepu ya kupimia. Aliweka kiganja chake ukutani, akakiacha hapo muda mrefu kama anayempima mgonjwa homa. Kisha akasema:

"Mama, iyi nyumba uliivalisha koti ya mvua, na iko inatoka jasho. Jasho itapitia wapi?"

Akanieleza, nami naeleza hapa kama alivyonieleza, kwa sababu najua nyumba nyingi za mji huu zinauawa na upendo wa namna hii. Tofali la kichuguu lililochomwa kwa kuni haliivi sawasawa; moyo wake unabaki laini, nalo hunywa maji. Masika, kuanzia Novemba hadi Aprili, ardhi ya Lubumbashi inajaa maji, na ukuta unayavuta kutoka chini kama utambi unavyovuta mafuta. Waliojenga walilijua hilo. Waliunganisha matofali kwa chokaa na kuyavika chokaa, na chokaa inapumua: kiangazi kikija, kuanzia Mei, unyevu wote unatoka nje taratibu kupitia lipu, na ukifika Oktoba ukuta umekauka tayari kunywa tena. Saruji haipumui. Ukiivika, maji yanayopanda hayana pa kutokea, yanakaa ndani ya tofali na kupanda juu zaidi, na chumvi iliyomo majini inaganda nyuma ya lipu na kulisaga tofali kuwa unga. Alichokoa sehemu moja kwa bisibisi, akanipa unga mwekundu mkononi. Ulikuwa unga wa matofali matatu ya ukuta wa baba yangu, nao ulijaa kiganja kimoja.

Ikabidi kuitoa saruji yote. Kwangua mara ya pili, kwa patasi na nyundo ndogo, tofali kwa tofali, maana saruji ilipobanduka iliondoka na ngozi ya tofali. Matofali zaidi ya mia mbili ilibidi yabadilishwe. Fedha niliyokuwa nimeweka kwa ajili ya masomo ya mwanangu wa kwanza ilikwenda huko, na kijana akachelewa mwaka mzima kuanza chuo. Sijalisahau hilo, wala yeye.

Chokaa tuliitoa Kakontwe, upande wa Likasi, ambako mawe yake yamechomwa kwa miaka mingi. Mzee alinifundisha kuizima: pipa, maji, kisha chokaa kidogokidogo, nayo inatokota na kuunguruma kama ugali ulioachwa motoni, usisogeze uso. Halafu unaifunika maji na kuiacha ilale. Miezi mitatu ndiyo kidogo kabisa. Inayolala mwaka ni bora, inakuwa laini kama siagi. Sehemu moja ya chokaa, sehemu tatu za mchanga wa mto uliochekechwa. Ukuta unalowanishwa kwanza, lipu inapigwa nyembamba, unasubiri siku kadhaa, unapiga ya pili, kisha ya tatu, na kila siku unatundika magunia yaliyoloa maji ili jua lisiikaushe upesi ikapasuka. Kazi hiyo haifanywi Januari wala Oktoba. Inafanywa mvua zinapoaga. Kijana wa saruji alimaliza kwa wiki tatu. Mzee alichukua Aprili na Mei za miaka miwili.

Na yale matundu ya juu hayakuwa ya ndege. Hewa ya moto hupanda, inatokea hapo, inapita chini ya malata na kutoka kwenye mgongo wa paa. Tulipong'oa dari la plastiki, ubaridi ulirudi siku ileile.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hakuna mzee wa Katuba angeweza kulirekebisha. Mwaka uleule wa 2011, nilipokuwa nikiing'arisha nyumba ya mbele, nilibomoa vyumba viwili kati ya vitatu vya boyeri. Nilitaka nafasi ya kujenga depo, yaani ghala, inayotazama kichochoro, niikodishe, nipate chochote. Vyumba vilikuwa vibovu, vimejaa matairi na ndoo. Sikumuuliza mtu. Nilidhani sina wa kumuuliza, ilhali Nkambo alikuwa hai, ana miaka themanini na mbili, anaishi kwa shangazi yangu kule Kenya na anakuja kwetu kila Jumapili.

Jumapili hiyo alikuja akakuta matofali yamerundikwa. Hakusema neno. Alizunguka rundo, akachagua tofali moja, akaligeuza, akalitia katika mfuko wake wa plastiki pamoja na Biblia. Wakati wa kula nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayejitetea, kwamba nyumba ya mbele ndiyo muhimu, tutaitunza mpaka wajukuu. Akanijibu bila hasira:

"Ile ya mbele nilikuwa nafagia. Kwenye nilikuwa nalala ni kule nyuma."

Alifariki Juni 2014. Nimeyarudia maneno yale mara nyingi kuliko maneno yoyote niliyowahi kuambiwa.

Mwaka 2016 walikuja wanafunzi wa ujenzi na mwalimu wao, wanapima nyumba za zamani za katikati ya mji. Nilifurahi sana. Watu wa mji huu wakisema urithi, wana maana ya yale makubwa: kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, sinagogi, bomba refu la kiwanda na mlima wake mweusi wa takataka za shaba ambao tumeuchapa hata kwenye vitenge, au ule ukumbi wa michezo aliouchora Claude Strebelle katika miaka ya 1950, ambao leo ni Jengo la 30 Juni. Hayo yana watetezi. Nyumba za kawaida za avenyu hazina. Kwa hiyo niliwapikia wale vijana bukari, ugali wetu, na samaki, nikawaacha wapime hadi unene wa kuta. Walipoleta mchoro wao, nyumba ya mbele ilikuwa nzuri ajabu, kila kigae kimechorwa. Nyuma palikuwa na mstatili mtupu. Hata mlango haukuwekwa.

Nikawaomba warudi. Alirudi binti mmoja, akapima chumba kimoja kilichobaki. Mita 2.40 kwa 2.20. Dirisha moja, upana wa sentimita 40, limewekwa juu kupita kichwa cha mtu, linatazama kichochoro. Ukuta unaotazama nyumba kubwa hauna tundu lolote. Mlango umeelekezwa kwenye mlango wa jiko. Tulikaa naye kwenye kile kibarza tukaisoma nyumba kama barua: waliokaa mbele hawakutaka kuonwa na aliyekaa nyuma, lakini walitaka awasikie wakiita. Matofali ni yaleyale ya kichuguu, kipimo kilekile, pengine tanuru moja. Ila huku ndani hayakupigwa lipu. Binti aliandika hayo yote pembeni ya mchoro wake, kwa penseli. Bwana mkubwa wa nyumba ile ameacha jina katika karatasi za ofisi. Nkambo ameacha kimo cha dirisha. Mwaka 1965 chama cha maboyi wa zamani wa mji huu kilitoa historia ya Élisabethville iliyoandikwa kwa Kiswahili, jinsi wao walivyoiona kutoka jikoni. Walijua kwamba wasipoisema wao hakuna atakayeisema. Nami, mjukuu wa mmoja wao, nilikuwa nimebomoa theluthi mbili za ushahidi ili nipate kodi ya depo.

Mnunuzi alikuja 2018. Kwa sisi tulioishi katikati ya mji haikuwa ajabu. Sheria ya migodi ya mwaka 2002 ilifungua milango, kampuni zikamiminika, kila moja ikataka ofisi mjini. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, shirika la Serikali la migodi, waliachishwa kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari, na kwa wengi wao nyumba ndiyo ilibaki kuwa kitu pekee cha kuuza. Bei za malupango zikapanda mpaka mtu akitajiwa anaomba arudiwe. Huyu wetu aliyataka malupango mawili, letu na la jirani, ajenge ghorofa. Alikuwa na adabu, alikaa kwenye barza, akasifu vigae.

Tuliitana ndugu wote watano. Mdogo wangu wa mwisho, anayeishi Afrika Kusini, alizungumza kwa simu, sauti imewekwa mezani, akiniita yaya, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa:

"Yaya, ile nyumba ni ya bazungu. Banaijenga juu yetu? Banaijenga juu yabo. Unalilia nini?"

Alimaanisha kwamba haikujengwa kwa ajili yetu. Sikuwa na haraka ya kumjibu, kwa sababu swali lake ni la haki. Dada yetu wa tatu alikuwa na mtoto wa kutibiwa figo. Fedha ile ilikuwa dawa, haikuwa anasa. Na ni kweli kwamba nyumba ilijengwa ili sisi tusikae ndani yake. Lakini nilimwambia hivi: bazungu walichora, nani alichimba kichuguu? Nani aliyafyatua matofali, akayachoma, akayabeba? Na hata kama tungekubali kwamba kila tofali ni lao, yapo majumba katika mji huu ambayo tunahitaji yasimame kwa sababu yanauma. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba na wenzake Mpolo na Okito walishushwa kwenye ndege katika kiwanja cha Luano wakapelekwa kwenye Villa Brouwez, wakateswa humo, na usiku uleule wakauawa porini. Mwaka 2022 jino la Lumumba liliporudishwa na Ubelgiji na kupitishwa Lubumbashi, watu walitaka kufika mahali penyewe, Shilatembo, waguse udongo. Hakuna aliyetosheka na kusoma. Mdogo wangu alinyamaza kidogo tuliporudia maneno hayo tena mwaka huo wa 2022. Mara ya kwanza, mwaka 2018, alikata simu.

Nilikwenda kuuliza sheria inasema nini. Ipo Amri-Sheria namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971, kuhusu ulinzi wa mali za utamaduni, nayo inaruhusu jengo kuwekwa katika orodha ya vitu vinavyolindwa na Serikali. Nyumba kama yetu haimo. Ofisi moja ilinituma kwa nyingine, nyingine ikanirudisha ya kwanza, na mwisho karani mmoja mwema akaniambia nisipoteze nauli. Lakini yeye ndiye aliyenionyesha jambo ambalo nimewarudia ndugu zangu na majirani mara nyingi. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wa nchi hii ni wa Serikali, wote. Setifika yako inakupa haki ya kutumia kipande, na umiliki wa kile kilichosimama juu yake. Maana yake, kitu ambacho ni chetu kweli, chetu cha kurithishana, ni matofali.

Jirani aliuza. Agosti ya mwaka uliofuata, Jumamosi asubuhi, mashine ikaingia lupangoni, na Jumapili jioni hapakuwa na nyumba. Ilikuwa dada wa nyumba yetu, mjakaranda wake ulikuwa mkubwa kuliko wetu. Nilikwenda na mkokoteni nikanunua kwa vibarua vigae 140 na mlango mmoja wa mbao ngumu za mulombwa, mzito kiasi cha watu wanne, hauna hata tundu moja la mchwa. Vimo stoo. Leo pale pana ghorofa nne za vioo vya bluu, mashine za kupozea hewa zinanguruma mchana kutwa, na umeme ukikatika jenereta inawashwa ukutani mwangu.

Sisi hatukuuza. Haikuwa ushindi wa hoja zangu. Dada wa tatu, yule mwenye mgonjwa, ndiye aliyesema tujaribu mwaka mmoja. Vyumba viwili vya mbele na ile barza tumemkodisha wakili, mtu mtulivu anayependa kupokea wateja kivulini; kodi yake inalipa matibabu ya mtoto, na yakibaki tunagawana. Katika mkataba tumeandika kwamba hapigilii kitu ukutani wala hapaki rangi ya mafuta. Alicheka, lakini ametia sahihi. Sijui kama mpango huu utashinda bei ya mnunuzi wa kesho. Mdogo wangu wa Afrika Kusini ana watoto wanne.

Depo nimeivunja. Vyumba viwili vya boyeri nimevijenga upya, kwa vipimo vya yule binti na kwa matofali ya kichuguu tuliyoagiza kwa vijana wa tanuru, kwa kuwa ya zamani nilikuwa nimeyauza. Si vilevile, na sipendi mtu akija aambiwe ni vilevile. Tumeacha mstari wa wazi pale ukuta wa zamani unapokutana na mpya. Lile dirisha dogo nimelirudisha kwa kimo chake, ingawa mwanangu, anayelala huko sasa, analalamika kwamba hawezi kuona nje. Namwambia apande kiti. Tofali la Nkambo liko kwa shangazi, mezani, chini ya picha yake. Nimeliomba mara mbili. Amekataa, na ana haki.

Mzee wa Katuba amedhoofika, haji tena kwa baiskeli, tunamfuata kwa teksi. Chokaa imelala katika mapipa mawili tangu Juni ya mwaka jana. Mvua zimeanza kupungua, usiku kuna ubaridi kidogo, na wiki hii mwanangu na binamu yake wamechekecha mchanga lori nzima. Jumamosi mzee atakuja. Nimempa kiti cha kamba, na ameshaniambia tuanzie wapi: boyeri kwanza, ukuta wa ndani, ule ambao haukuwahi kupigwa lipu. Nimemwambia hapana, huo tuuache wazi kama ulivyo. Amefikiri, akasema basi tutaupitia wa nje, kisha twende mbele.